Nilivyotafsiri Vibaya kwa Makusudi

Kiwanda nilichofanyia kazi Louisville kinafua nguo za hospitali: mashuka, foronya, taulo, na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa kwa nyuma. Malori huzileta chafu alfajiri na kuzichukua mchana zikiwa zimekunjwa. Mimi nilikuwa upande wa kukunja, na upande huo karibu sote tulikuwa wanawake wa Kiswahili, Warundi tuliokulia kambini Kigoma na Wakongomani waliotoka Uvira na Bukavu. Kiingereza changu hakikuwa kizuri, ila kilikuwa kizuri kuliko cha wenzangu, kwa hiyo kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa nilisimama kando ya msimamizi wetu na kuwaambia wenzangu alichosema. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Siku yangu ya pili kazini mama mmoja alinivuta mkono akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia, na tangu hapo ikawa kazi yangu.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamke wa hapo hapo Kentucky, wa miaka thelathini na kitu, mwenye nywele fupi na sauti iliyosikika juu ya mashine za kukaushia. Tulimpenda. Ndiye bosi wa kwanza Marekani aliyeniuliza jina langu linatamkwaje, akalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Mtoto wa mtu akiugua, hakununa ukiomba ruhusa. Alikuwa amejifunza kusema "pole" na "haya, twende", na alizitumia zote mbili kila mahali, hata pasipohitajika. Ukimwambia umepata nyumba mpya, anakwambia pole.

Asubuhi moja alikuja mkutanoni na uso wa mtu anayeficha jambo zuri. Akasema kwamba yeye na mke wake wanatarajia mtoto mwezi ujao, na kwamba mtoto akizaliwa atakuwa likizo kwa wiki kadhaa. Waliojua Kiingereza wakapiga makofi. Upande wetu ukanigeukia mimi.

Nilikuwa nimesikia vizuri. Sitaki kukisingizia Kiingereza. "Mke wangu" alilitamka wazi, na hilo nililijua tangu wiki ya kwanza kufika nchi hii. Nikawatazama wenzangu. Palikuwa na mama wa Uvira, mkubwa wetu kwa umri, anayeimba kwaya kila Jumapili. Palikuwa na jirani yangu wa mashine, ambaye mume wake ni mchungaji. Wote walikuwa wakinisubiri huku wanatabasamu, kwa sababu waliona wenzao wanapiga makofi na walitaka kujua furaha ni ya nini. Nikafungua mdomo.

"Anasema yeye na mume wake wanatarajia mtoto mwezi ujao," nikasema.

Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa upande wa kufulia wakaja kuchungulia. Mama wa Uvira alimkumbatia msimamizi, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama tumbo. Sare zetu ni pana, zinaweza kuficha hata mapacha, lakini mwezi ujao ni mwezi ujao.

"Benye mifupa mukubwa," akatuambia, "mimba inajifichaka."

Kuanzia siku hiyo msimamizi wetu hakuruhusiwa kushika kitu. Akisogelea kitoroli cha mashuka mabichi, wanawake wawili wanakirukia kabla hajakigusa. Mtu alimletea kiti, mwingine akaleta mto wa kukalia kutoka nyumbani kwake. Karanga za kukaanga zilianza kutokea juu ya meza yake ndani ya vikopo vya siagi. Yeye alizila, akashukuru, akasema pole. Siku moja alipanda ngazi kukagua bomba la mvuke, na mama wa Uvira akaja mbio, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaniita.

"Umuambie ashuke. Mwanamuke wa mimba hapandake ngazi."

Msimamizi akanitazama kutoka juu. "Anasema nini?"

"Anasema uwe mwangalifu," nikamwambia.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na uongo wa pili ulinisumbua kuliko wa kwanza. Wa kwanza uliniponyoka. Huu niliuchagua.

Uongo wangu ulidumu siku tisa. Ya tisa, wakati wa mapumziko, msimamizi alikuja kwenye meza yetu na simu mkononi kutuonyesha picha. Kwenye picha palikuwa na mwanamke mwingine kabisa, mwembamba, mwenye miwani, amesimama kando ya kitanda kipya cha mtoto na tumbo limemtangulia mbele. Wenzangu wakaipokezana simu. Mama wa Uvira aliishika kwa muda mrefu.

"Huyu ni dada yake?" akaniuliza. "Donc, ni kusema wote wawili wana mimba?"

Msimamizi aliona sura yangu. Akanifanyia ishara nimfuate ofisini, akafunga mlango.

"Kuna kitu hukuwaambia," akasema.

Nikamwambia vyote: neno nililolibadilisha, ngazi, na sababu ya zile karanga. Nilitegemea akasirike. Alianza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa, akasema alikuwa amemwambia mke wake kwamba wanawake wa kiwandani siku hizi wanamdekeza na hajui amefanya jema gani. Halafu kicheko kikaisha, akaanza kuichezea kalamu ya mezani.

"Kwa nini ulilibadilisha?"

"Niliogopa wasingekupenda tena."

"Wewe je? Siku ile uliposikia, ulifikiri nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilipokua nilifundishwa kuwa jambo hilo ni baya, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza mimi mwenyewe naonaje. Nikamwambia pia kwamba tangu nimfahamu sijaona ubaya wowote kwake, na kwamba mambo hayo mawili hayakai vizuri pamoja kichwani mwangu, na siku tisa hizi nimelala vibaya.

"Basi uko mbele ya watu wengi," akasema. Kisha akaniuliza kama atafute mtu mwingine wa kutafsiri, au atumie simu. Hakusema kwa kunisuta. Nikamwambia hapana, niliyeharibu ni mimi na nitatengeneza mimi.

Kesho yake asubuhi alirudia tangazo lile, taratibu, akiwa ameweka mkono begani kwangu. Nikawaambia wenzangu: "Siku ile niliwadanganya. Alisema yeye na mke wake. Mwenye mimba ni mke wake, yule mwenye miwani. Yeye hana mimba. Kosa ni langu, si lake."

Mashine zilikuwa hazijawashwa, ukasikika mlio wa taa za dari. Jirani yangu wa mashine, mke wa mchungaji, aliinamisha kichwa, akaanza kuvaa glavu zake. Mama wa Uvira ndiye aliyeongea kwanza.

"Bon, sawa," akasema. "Nani ameoa na nani ameolewa?"

Kiswahili kinataka mwanamume aoe na mwanamke aolewe, na kwa sekunde chache nilikwama hapo, katikati ya vitenzi viwili. Kisha neno likaja lenyewe.

"Wameoana," nikasema.

Akalitafuna neno hilo. "Wameoana," akarudia. "Bon. Na yule mwenye mimba, saa hii iko nyumbani peke yake? Nani anamubebea vitu?"

Nikamtafsiria msimamizi, safari hii neno kwa neno. Akasema mama mkwe wake anakuja Ijumaa. Mama wa Uvira akaguna kama mtu asiyeridhika na mipango hiyo. Wasichana wawili waliokuwa wageni kazini wakacheka, na kicheko chao kikatuachilia sote twende kwenye mashine. Siwezi kusema wote walifurahi. Jirani yangu hakuniongelesha kwa wiki nzima, na nilipomuuliza alisema tu, "Wewe umeongea vizuri, lakini mimi usiniingize." Sikumwingiza. Mashuka tuliendelea kukunja pamoja, yeye ncha hii, mimi ncha ile, na msimamizi aliendelea kumuuliza hali ya magoti yake kama zamani.

Mtoto alizaliwa, msichana. Kwetu Warundi mwanamke akijifungua hawezi kuachwa bila kutembelewa, na Wakongomani nao ni hivyo hivyo, kwa hiyo Jumamosi ya pili tukaenda, wanawake watano katika gari moja. Nilinunua unga wa ulezi kwenye duka la Waafrika karibu na kwetu, mtaa wa Iroquois, nikapika uji mzito na maziwa. Mama wa Uvira alileta sombe, kisamvu cha kwao, katika sufuria kubwa kiasi kwamba mmoja wetu alilazimika kuipakata njia nzima.

Mlango ulifunguliwa na msimamizi wetu mwenyewe, fulana imelowa maziwa begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sijawahi kumwona amechakaa namna ile wala amefurahi namna ile. Mke wake alikuwa kwenye kochi. Mama wa Uvira hakusubiri kukaribishwa. Alinawa mikono jikoni, akamchukua mtoto, akamfungua nguo, akamkagua vidole vyote, akamfunga tena vizuri zaidi. Nikamimina uji kikombe kimoja, nikampa aliyejifungua. Msimamizi akanyoosha kikombe chake.

"Huu ni wa mzazi," nikamwambia.

"Na mimi ni mzazi," akanijibu.

Nikamwambia mama wa Uvira kwa Kiswahili. Alimtazama msimamizi kutoka juu mpaka chini, ile fulana, yale macho. "Umupe," akasema. "Huyu amechoka kupita yule." Tukacheka sote, na nilipotafsiri wakacheka na wao. Nyumba ile tulikaa saa tatu. Tuliosha vyombo, tuliimba, mtoto akalala katikati ya nyimbo za kwaya, na mke wa msimamizi akatuuliza kama tunaweza kurudi kesho.

Nimefika mahali ambapo habari hii inakuwa ya kwetu nyumbani.

Wiki chache baadaye, msimamizi akiwa bado likizo, ofisi ya wafanyakazi iliniita. Mwezi wa sita ulikuwa unakaribia, na kiwanda kilitaka kuandaa chakula cha mchana cha kuwasherehekea wafanyakazi kama msimamizi wetu, kama wengi Marekani wanavyofanya mwezi huo, na kubandika ukutani tangazo lenye kanuni za kazi: kwamba hapa mtu hafukuzwi, hanyimwi cheo, wala hatukanwi kwa sababu ya anayempenda au jinsi anavyojijua mwenyewe, mwanamume au mwanamke. Walitaka liwe kwa Kiswahili pia. Safari hii walisema watanihesabia kama saa za kazi.

Nikachukua karatasi nyumbani nikakaa nayo, nikagundua kwamba maneno niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya matusi. Hata lile la shoga, ambalo sisi wanawake kule Kigoma tuliitana tukichota maji, shoga yangu hivi, shoga yangu vile, wanaume wameshaliharibu. Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya Iroquois Park wanangu wakicheza mpira, nilimpigia mdogo wangu wa kiume aliyeko Buffalo.

Sisi tuko watatu. Dada yetu mkubwa ndiye aliyetulea baada ya wazazi kufa, mimi wa kati, na yeye kitindamimba, niliyembeba mgongoni kambini mpaka mgongo ukazoea. Tulifikia Buffalo sote. Dada alimfuata mume wake kwa ndugu zake Columbus, mimi nilikimbia theluji nikaja Louisville, na mdogo wangu akabaki, akapata kazi kwenye kiwanda cha madirisha. Ndiye msomi wetu. Ndiye mwenye Kiswahili cha vitabu.

Nilimsimulia habari yote, ngazi na karanga na uji. Nilitegemea acheke kuliko alivyocheka.

"Na wale akina mama walisemaje?" akaniuliza. Nikamwambia. Baada ya muda akauliza tena, "Lakini yule mama wa Uvira, alisemaje hasa?" Nikarudia. Kisha nikamwomba maneno, nikatoa kalamu.

Akaniambia bila kufikiri. "Andika 'mwenza', usiandike mume wala mke, 'mwenza' linabeba wote. Andika 'wanaopenda watu wa jinsia yao'. Usitumie lile neno lingine hata wakikuambia ndilo linalojulikana. Na kwa wale wengine andika 'mtu anavyojitambua', inatosha, inaeleweka." Aliyasema kwa mpangilio, kama mtu anayesoma.

"Umeyajua wapi haya yote?" nikamuuliza.

"Kiwandani kwetu kuna tangazo kama hilo. Mimi ndiye niliyelitafsiri."

"Na wewe uliyatoa wapi?"

Niliwasikia wanangu wakigombana kwa Kiingereza kuhusu goli.

"Niliyatafuta kwa ajili yangu," akasema.

Miaka mitano mdogo wangu alikuwa akiishi na mwanamume ambaye sisi tulimwita mwenzake wa chumba. Tulimsalimia kwenye simu. Dada alimtumia kitenge Krismasi moja, cha pazia. Sasa nilikuwa nimekaa ndani ya gari, kalamu mkononi, na mambo ya miaka mitano yalikuwa yakijipanga upya moja moja.

"Kazini wanajua?" nikamuuliza. Sijui kwa nini hilo ndilo lilitangulia.

"Kazini wanajua wote. Yuko kwenye bima yangu. Alipovunjika mguu mwaka juzi, supavaiza alinipa siku tatu, na watu wa zamu yangu walituletea chakula."

Hilo liliniuma, na bado linaniuma kidogo. Nilikuwa nimesafiri na sufuria ya uji kwenda kwa mke wa bosi wangu, na mtu wa mdogo wangu alilala na mguu kwenye plasta wiki nzima akilishwa na watu nisiowajua. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuipamba. Akasema, "Dada, hukujua." Nikamwambia kwamba sikujua kwa sababu hakuona mahali pa kuniambia. Tulilia kidogo, kila mtu kwenye mji wake, kisha mwanangu mdogo akagonga kioo cha gari akitaka maji.

Mdogo wangu aliniomba nisimwambie dada. Alitaka kumwambia mwenyewe, na wiki hiyo hiyo akamwambia. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akakata simu. Baada ya hapo hakupokea simu yake wala yangu kwa wiki tatu. Shemeji, mume wake, ni mzee wa kanisa, na dada mwenyewe ndiye anayefunga vitambaa vya madhabahu. Mimi nilimwelewa na nilimkasirikia, vyote viwili, na nilipika sana wiki hizo kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono.

Chakula cha mchana cha kiwandani kilifika na kikapita vizuri. Msimamizi alileta mtoto. Tangazo langu lilikuwa ukutani kando ya saa ya kuingilia kazini, na mama wa Uvira, asiyesoma haraka, alisimama mbele yake na kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, kisha akaniambia nimekosea herufi moja. Ni kweli nilikuwa nimekosea.

Kila kiangazi kiwanda cha mdogo wangu hufungua milango kwa familia za wafanyakazi, Jumamosi moja mwezi wa nane, watu waone mahali wenzao wanaposhinda. Miaka yote alikuwa amekwenda na mwenza wake tu. Safari hii aliniomba niende. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi, akaniandikia kabla sijamaliza sentensi, akasema pole, na kwa mara ya kwanza lilikuwa neno sahihi, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na saa tisa za barabara.

Ijumaa nikapita Hilliard, pembeni ya Columbus, kwa dada. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba nitapita, na kwamba naenda Buffalo, na kwamba kiti cha mbele kiko wazi. Hakujibu. Nilipoegesha, alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wake na begi, na jungu la maharage na ndizi limefungwa kwa kanga.

"Sijasema nimekubali," akaniambia kabla sijashuka. "Nimesema nakuja."

"Shemeji je?"

"Nimemwambia naenda kumwona mdogo wangu. Ni kweli."

Tulipoipita Cleveland, akiangalia dirishani, alianza kunisimulia habari za kazini kwake. Dada anahudumia wazee kwenye nyumba moja mtaa wa Clintonville, anawaogesha, anawavisha, anawalisha. Kuna mzee mmoja aliyekuwa chini ya mkono wake tangu majira ya baridi. Kila siku saa tano mzee mwingine anakuja na gazeti, anamsomea habari za michezo, anamkata kucha, anaondoka. Mwanzoni dada alidhani ni ndugu. Siku moja alisikia mfanyakazi mpya anamwambia yule mgeni kwamba muda wa chakula ni wa familia tu, atoke nje. Kiongozi wa zamu alikuja pale pale, akamrudisha kwenye kiti chake, akamwambia yule mfanyakazi kwamba huyu ndiye familia, na hapa hakuna mwingine wa kumzidi.

"Mimi nilikuwa nimeshika kijiko," dada akasema. "Nikajiuliza, ningekuwa mimi ningemtoa nje? Ningemtoa. Na yule mzee asingekula."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa bado nafikiri." Akafungua kanga kidogo kuangalia kama maharage hayajamwagika. "Bado nafikiri. Wewe endesha."

Mdogo wangu na mwenza wake walitusubiri nje ya nyumba yao. Mwenza wake ni fundi wa mabasi ya jiji, mzaliwa wa Buffalo, mrefu, mikono mikubwa yenye weusi wa grisi kwenye kucha ambao hautoki. Alimsogelea dada kwanza. Akamwinamia, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtoto aliyelelewa vizuri kwetu, akamsalimia kwa Kirundi, "Amahoro." Sijui alilifanyia mazoezi mara ngapi. Dada alimwitikia, akaendelea kuushika ule mkono, akaugeuza, akatazama kucha.

"Huyu anafanya kazi," akamwambia mdogo wetu kwa Kirundi. Kisha akamkumbatia mdogo wetu, na hapo nikaingia ndani na jungu ili niwaache.

Kesho yake kiwandani, mdogo wangu alituonyesha mashine yake, inayobana kioo kwenye fremu, na akatueleza kila kitufe. Sikuwahi kumwona anatembea namna ile, mabega yameshuka, akiitwa jina lake huku na huku. Mwanamke wa Kiburma anayefanya kazi meza ya pili alinishika mikono yote miwili akasema, kwa Kiingereza kibovu kama changu, kwamba amesubiri sana kuwaona dada zake. Supavaiza wake alikuja na mke na watoto, akamsalimia fundi wa mabasi kwa jina na kumuuliza mguu unaendeleaje. Halikuwa jambo la kutangazwa. Watu walikuwa wanakula soseji.

Penye hema kubwa waligawa fulana za bluu, zenye maandishi mgongoni kwamba aliyevaa ni familia ya mfanyakazi wa kiwanda. Kulikuwa na mstari. Nilimtafuta dada kwenye viti nikamkosa, kisha nikamwona mstarini, kati ya mdogo wetu na mwenza wake, akimuuliza yule fundi kwa Kiingereza kama kuna saizi ya watu wanene. Alipofika mezani, binti aliyekuwa akigawa alimuuliza yeye ni familia ya nani. Dada akawaonyesha wote wawili, mmoja kwa mkono huu, mmoja kwa ule.

"Hawa," akasema.

Akachukua fulana mbili. Nikamuuliza ya pili ni ya nani, akasema ya mume wake. Nikamuuliza atamwambia nini.

"Nina saa tano za njia za kufikiri," akanijibu. Upepo wa ziwa lililo kando ya mji ulikuwa umeanza kuwa baridi, kwa hiyo akaivaa yake juu ya gauni, akaivuta mpaka ikashuka vizuri, akaenda kutafuta chai.